Babu Mwenye Makaburi Mawili

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa mengi siku hizi yananitoka, hata miwani naitafuta nayo imo usoni. Ni siku ile baba yangu alipoambiwa mbele ya watu, tena kwa adabu, na kikombe cha kahawa mkononi, kuwa babu yake hakuzaa.

Kaa vizuri nikusimulie. Mimi ni Raya binti Nasor. Nimezaliwa Unguja mjini, na hapa Ibra, Oman, nimekuja mwanamwali. Baba yangu, Nasor bin Hamed bin Khalfan, alikuwa na shamba la karafuu Bububu, nalo lilitoka kwa babu yake, Khalfan bin Mbarak. Huyo Khalfan ndiye mwenye kisa. Hakuwa mkubwa wa nchi wala mwanachuoni. Alikuwa mkulima tu, wa zama zile ambazo nyinyi mliosoma mnaziita karne ya kumi na tisa. Tulivyohadithiwa sisi, alikuwa akilima mitende hapa Ibra, maji yakapungua, akashuka bandari ya Sur na mkewe, akavuka kwenda Unguja, na mikono ile ile iliyopanda mitende ikapanda mikarafuu. Akafia Bububu. Kaburi lake tulilijua sote, liko nyuma ya sakafu ya kuanikia karafuu. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia tulikuwa tukienda kulisafisha. Baba akisoma Yasini, mama akipika wali wa nazi, na sisi watoto tukifukuzana kwenye majani tukikatazwa tusipige kelele.

Kuhusu mwanawe, babu Hamed, wako waliosema alifika Unguja mikononi mwa mama yake, na wako waliosema alizaliwa pale pale Bububu. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Mwanangu, mtu akiwa na shamba na kaburi la mzee wake, anauliza nini tena?

Basi ikaja siku shamba likatutoka. Hayo mambo ya sitini na nne unayajua, sina haja ya kuyachokonoa. Tukahama Unguja, tukakaa Dar es Salaam, mama akafariki huko, na Oman ilipofungua milango kwa watu wake baba akatukusanya, mimi na kaka yangu Suleiman, akasema, "Tunakwenda kwetu. Mwacha asili ni mtumwa." Mimi kwetu nilikokujua ni Mkunazini, Unguja mjini.

Tulipofika Ibra tulipanga nyumba ya udongo upande wa Sufala, jirani na mwanamke mmoja aliyeitwa Bi Thuraya, ambaye alikaa Unguja miaka mingi, akarudi kabla yetu. Yeye ndiye aliyetuonesha mambo. Akatwambia kuwa mtu aliyetoka Sawahil, yaani pwani yetu ya Afrika, hawezi kupata karatasi zake, wala kazi ya maana, mpaka mzee wa jamaa zake asimame aseme, "Huyu ni wetu." Mzee wa jamaa zetu alikuwa ni Mzee Saif. Baba akafurahi. Akavaa kanzu yake nyeupe, akapiga kilemba vizuri, akamchukua Suleiman, wakenda kwenye sabla, lile baraza la wanaume ambalo kila mtaa hapa unalo.

Mimi na Bi Thuraya tukakaribishwa kwa wanawake, chumba cha pili, na dirisha lilikuwa wazi. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani. Nikisikia neno moja, matatu yananipita. Kwa hiyo nilikuwa nasikiliza kama mtu aliyeingia maji masikioni. Bi Thuraya alikuwa akininong'oneza.

Walikunywa kahawa, wakala tende, wakaulizana hali mpaka hali zikawaishia. Ndipo baba akataja nasaba yake. Mzee Saif akafurahi kweli kweli.

"Khalfan bin Mbarak! Tunamjua. Mkulima hodari. Kaburi lake liko hapa, nyuma ya bustani ya ndimu."

Baba akacheka, akadhani Kiarabu chake kimempoteza. "La, sheikh. Kaburi lake liko Unguja. Nimelisafisha kwa mikono yangu hii."

"Liko hapa, ndugu yangu," Mzee Saif akasema taratibu. "Alishuka kwenye falaji, ule mfereji wa chini ya ardhi, kuzibua maji, udongo ukamwangukia. Alikuwa bado kijana. Wala hatukusikia kuwa aliacha mtoto."

Namkumbuka Bi Thuraya alivyoacha kunitafsiria, na mimi namvuta buibui, "Kasema nini? Kasema nini?" na yeye ananitazama tu.

Baba akasema, "Basi mimi ni mjukuu wa nani?"

"Hilo sijui," akasema Mzee Saif. "Nakuona mtu wa heshima, na mlango wangu uko wazi kwako. Lakini ushahidi ni amana. Siwezi kusimama mbele ya Mungu nikashuhudia kuwa wewe umetoka kwa mtu ambaye mimi najua hakuzaa."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Mtu akikutukana utajua la kufanya. Huyu alikuwa akitukaribisha tende huku anatufuta jina.

Tulipofika nyumbani baba akakaa kwenye mkeka, kilemba kimemlegea, akamwuliza kaka yangu, "Suleiman, hebu nambie, jina langu mimi nani?" Suleiman akadhani jua limempiga, akakimbilia maji.

Suleiman alikuwa mtu wa mambo yaishe. Jioni ile akasema, "Baba, ziko jamaa za rafiki zetu kule Nizwa. Watatushuhudilia, hawatuulizi mengi. Kwani nani atajua?"

Baba akamgeukia. "Niingie nchi ya wazee wangu kwa mlango wa uongo? Bora nibaki nje." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Tena wazee wangu wenyewe siwajui tena ni nani."

Mimi nilikuwa sijui nimhurumie nani. Baba alikuwa mkweli. Mzee Saif naye mkweli. Wakweli wawili, na ukweli wao haukai chumba kimoja. Mpaka siku ile nilikuwa nikidhani kuwa panapogombana wawili, mmoja lazima awe mwongo.

Bi Thuraya ndiye aliyetuokoa, au tuseme ndiye aliyetuzidishia kiza, hata leo sijaamua. Akasema, "Nendeni kwa Bibi Shamsa. Ni shangazi yake Mzee Saif, mtu mzima sana. Mama yake alikuwa dada yake huyo Khalfan, baba mmoja mama mmoja. Penye wazee haliharibiki neno."

Tukenda asubuhi. Bibi Shamsa alikuwa kijibibi kidogo, barakoa usoni, mikono yote mishipa, anakaa kivulini anachambua ndimu kavu. Macho yalikuwa yameshaanza kumwacha. Baba akambusu kichwa, akajitaja, akaeleza yaliyopita, na Bi Thuraya akawa anatengeneza palipovunjika Kiarabu chetu. Bibi Shamsa akampapasa baba uso, paji, pua, ndevu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Mzee Mbarak alikuwa na watoto wa kiume wawili," akasema. "Khalfan na mdogo wake, Humoud. Siku ile ya falaji ilikuwa zamu ya Humoud kushuka. Alikuwa na homa, Khalfan akasema, wewe kaa juu ushike kamba, nitashuka mimi. Udongo ukaanguka. Humoud akabaki na kamba mkononi."

Akachambua ndimu mbili tatu.

"Mke wa Khalfan alikuwa mja mzito. Kwao ni Birkat al Mauz, akarudi kwao, akajifungua huko mtoto mwanamume. Ndiyo maana watu wa Ibra hawakumwona mtoto. Humoud akamfuata, akamuoa, akamchukua yeye na kitoto, wakashuka Sur, wakaenda Sawahil. Hakutaka kuliona tena lile falaji."

Baba akashusha pumzi. Nikamwona anapiga hesabu moyoni: basi Hamed ni mtoto wa Khalfan kweli, na jina letu ni letu. Aliyelala Bububu ni Humoud, ami mtu, aliyemlea Hamed akaitwa baba. Watu wa shamba walisikia mtoto anaitwa Hamed wa Khalfan, wakadhani yule mlezi ndiye Khalfan, na yeye hakuwarekebisha. Ilikuwa ajabu, lakini ajabu inayokaa vizuri.

Tulipokuwa njiani kurudi, baba akasimama ghafla. "Raya," akasema, "marehemu baba alikuwa akisema mzee wake alikuwa mzito wa kusikia. Ukimwita 'Khalfan' haitiki mpaka mara ya pili. Siku zote nilidhani ni masikio."

Labda yalikuwa masikio kweli. Wazee wangapi hawasikii! Lakini neno likishaingia kichwani halitoki kwa kuambiwa toka.

Mchana baba akanunua halua, tukarudi kwa Bibi Shamsa kumshukuru. Ingekuwa heri tungemshukuru asubuhi ile ile. Bibi akala halua, akafurahi, akaanza kusimulia tena bila kuulizwa. Kamba ile ile, homa ile ile. Kisha akasema, "Maskini, Khalfan hakuwahi kupata mtoto. Mkewe alirudi kwao mkono mtupu. Humoud akamuoa, wakaenda Sawahil, huko ndiko walikozaa. Akamwambia mama yangu siku ya kuagana, jina la ndugu yangu halitakufa, mtoto wangu wa kwanza nitamwita mwana wa Khalfan."

Bi Thuraya akatafsiri nusu, akasita. Baba alikuwa ameshaelewa. Akairudisha halua sahanini.

"Bibi," akasema, "asubuhi umesema alikuwa mja mzito."

"Nani?"

"Mke wa Khalfan."

"Labda," akasema Bibi Shamsa. "Mama alikuwa akisema hivi, na bibi yangu akisema vile. Wewe unataka ipi?"

Hapo sasa ndipo baba alipovunjika. Lazima uelewe, mwanangu, kwa mtu kama yeye hili halikuwa jambo la kupiga soga. Kumnasibisha mtoto na asiye baba yake, dini inakataza, na ni katazo zito. Ikiwa hadithi ya asubuhi ndiyo, sisi ni watoto wa marehemu, na mlezi wetu alikuwa mtu mwema. Ikiwa ya mchana ndiyo, basi babu yetu alijivika jina la ndugu yake, akampa mwanawe jina hilo, na sisi tulikuwa tukilitaja kwenye kila ndoa na kila jeneza, na si letu. Baba akaacha kula vizuri. Akaacha kujitaja. Mtu akimwuliza njiani, "Wewe mtoto wa nani?" alikuwa akisema, "Mimi Nasor," basi, kama mtu aliyeokotwa.

Suleiman akamwambia twende tukalitazame lile kaburi la bustani ya ndimu. Baba akakataa. "Nikifika pale nimsalimie vipi? Kwa Waarabu babu ana jina lake na ami ana jina lake. Nikimwita jina lisilo lake, nitakuwa nimemwongopea maiti."

Nikaona nitaiona siku baba anakufa kwa swali. Basi mimi, kijana, damu moto, nikasema lazima nilipate jibu moja. Nikamburura Bi Thuraya hadi kwa Bibi Shamsa, na tulipoamkia tu, sikungoja hata nikaribishwe kukaa. Nikamwambia, "Bibi, fikiri vizuri. Mke wa Khalfan alikuwa na mimba, hakuwa na mimba? Moja tu. Baba yangu anaumwa."

Bibi Shamsa akanipiga kikofi cha mkono, si cha kuumiza, cha kunirudisha adabuni.

"Wewe bint, unataka nikuchagulie babu kama mtu anavyochagua tikiti sokoni, analigonga gonga mpaka limpendeze? Nimekwambia nilichoambiwa na mama yangu, na nimekwambia nilichoambiwa na bibi yangu. Wote wawili walikuwa na akili zao, na wote wawili walimlilia mtu yule yule. Nikikupa jibu moja leo, nitakuwa nimemfanya mmoja wao mwongo, naye kaburini hawezi kujitetea. Hilo ndilo unalolitaka?"

Nikasema, "Hapana, Bibi," huku machozi yananitoka.

"Swali lako zuri," akasema, sauti imeshuka. "Lakini umelichelewesha. Angekuja kuuliza babu yako Hamed, angepata mtu wa kumjibu. Sasa mimi nina vipande tu, na nyinyi mnanililia niwape chungu kizima." Akanyoosha mkono. "Ninyanyue. Saif yuko wapi saa hizi?"

Bi Thuraya akamwambia yuko sabla, wanaume wanakunywa kahawa baada ya Alasiri. Bibi Shamsa akasema, "Twende."

Mwanamke kuingia sabla ya wanaume si jambo la kila siku, lakini kwa umri wake yeye nani wa kumzuia? Tukamshika, mimi huku na Bi Thuraya huku. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Tulipofika mlangoni wanaume wote wakasimama. Baba pia alikuwamo, kakaa mwisho kabisa, karibu na viatu, maana Mzee Saif hakuacha kumwalika hata siku moja, na baba aliona haya kukataa.

Bibi Shamsa hakukaa. Akamwita mpwa wake, "Saif, umemkatalia huyu ushahidi?"

"Shangazi, siwezi kushuhudia nisilolijua."

"Na mimi sikwambii ushuhudie usilolijua. Nakuuliza unachokijua. Mbarak alikuwa na watoto wangapi wa kiume?"

"Wawili."

"Mmoja yuko wapi?"

"Yuko hapa, nyuma ya bustani."

"Na wa pili?"

"Alikwenda Sawahil. Humoud. Alikwenda, na habari zake zikakatika."

"Zimekatika wapi, nazo zimekaa pale kwenye viatu? Huyu ametoka Sawahil na jina la Mbarak mdomoni mwake, na la Khalfan, na anajua la mitende ya Ibra, na anajua la Sur. Nani mwengine angekwenda kumwambia? Wewe humjui baba wa Hamed, na mimi simjui, na yeye mwenyewe hamjui. Lakini babu wa Hamed mnamjua nyote. Shuhudia hapo unapopajua, na usipopajua mwachie Mwenye kujua."

Hapo tena hakuna aliyegusa kikombe. Mzee Saif alikuwa mtu anayefikiri kwa uso. Ungemwona neno linapita kwenye paji lake kama maji ya falaji yanavyofunguliwa upande huu na kufungwa upande ule. Kisha akatoka alipokuwa, akapita watu wote, akenda mpaka mlangoni, akamshika baba mkono.

"Nashuhudia," akasema kwa sauti ya kusikika, "kuwa huyu Nasor ni wa nyumba ya Mbarak. Ni damu yetu. Zaidi ya hapo Mungu ndiye ajuaye. Ndugu yangu, umekaa mahali si pako. Njoo juu."

Akampandisha, akamkalisha ubavuni pake. Baba alilia, mwanangu. Alilia mbele ya wanaume wale wote bila kujificha uso, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Karatasi zetu ziliandikwa baadaye, na jina likaandikwa vile vile tulivyolileta, Nasor bin Hamed bin Khalfan, kwa kuwa Mzee Saif alisema hawezi kulithibitisha wala hawezi kulifuta, na lisilofutika hukaa. Suleiman akapata kazi Sur, akaoa huko. Maisha yakaanza kwenda.

Lakini kwangu mimi mambo hayakwisha na karatasi. Yaliyokwisha yalikwisha siku baba alipokubali kwenda nyuma ya ile bustani ya ndimu. Tulikwenda sote watatu, asubuhi. Makaburi ya hapa ni mawe tu, hakuna jina, hakuna maandishi, mpaka uoneshwe. Mzee Saif akatuonesha kwa kidole, akarudi nyuma kwa heshima, akatuacha. Baba akasimama pale muda mrefu. Nikaona midomo inacheza, anajaribu maneno, anayaacha. Mara anaanza kwa Kiarabu, anakatiza. Mimi nasema moyoni leo atarudi bila kusalimu.

Mara akatoa salamu, akaimalizia kwa lugha yetu ya nyumbani, "Asalaam alaykum, babu."

Kisha akageuka, akatutazama mimi na Suleiman, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyejikwaa akaona alichojikwaa nacho ni mlango wa nyumba yake. "Kwetu ni babu," akasema. "Baba wa baba ni babu, na ndugu yake babu pia ni babu. Nimekuwa nikimwita babu maisha yangu yote na sikuwa nikiongopa. Yule wa Bububu babu. Huyu hapa babu." Akacheka huku anajifuta macho. "Kiarabu kinaniuliza yupi. Kiswahili hakiniulizi."

Tangu siku ile akisoma khitma alikuwa anawaombea wote wawili, na akitaja hakutenganisha. Je, aliyafahamu mambo yenyewe? Hapana. Alikufa hajui, na mimi nitakufa sijui. Ziko siku naamini ya asubuhi, hasa nikiwa na furaha. Ziko siku naamini ya mchana, nikimfikiria yule kijana Humoud amebaki juu na kamba mkononi, na nasema mtu kama yule angeweza kweli kujipa jina la nduguye, ili aliyekufa aendelee kuitwa, na kila akiitwa yeye, aumie. Na ziko siku vyote viwili vinanichanganyikia mpaka naacha, nakwenda kumwagilia mibilingani.

Juzi hapa mjukuu wangu alinijia na kompyuta yake. Anachora mti wa ukoo. Ameshachora matawi mazuri, kila mtu kwenye kisanduku chake, amefika kwa Hamed, amekwama. "Bibi, baba wa huyu niandike nani?" Nikamwambia, Khalfan au Humoud. Akasema, "Bibi, haikubali baba wawili." Nikamwambia basi mwambie huyo kompyuta asubiri, sisi tumesubiri zaidi yake. Akacheka. Akanambia ziko siku hizi dawa za kujua: mtu anatema mate kwenye kichupa, yanapelekwa Marekani, wanakwambia ulikotoka. Nikamwuliza, mate ya ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, watayatenga vipi baada ya vizazi vyote hivi? Akafikiri, akasema labda hawatayatenga. Nikamwona anaudhika, na nikamwonea huruma, maana niliijua ile hasira. Nilikuwa nayo mimi, siku niliyopigwa kikofi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na uichukue polepole, kwani haraka haraka haina baraka. Waulize wazee wako wangali wanatafuna kwa meno yao. Uliza jina, uliza mahali, uliza nani alikuwa analia na kwa nini, wala usione haya, kuuliza si ujinga. Babu zetu waliona haya kuuliza, na sisi tukaja kuokota vipande. Lakini ukishauliza, ukapewa majibu mawili, usimkamate mzee wako koo akuchagulie moja. Huenda hana. Yabebe yote mawili, yana uzito lakini hayaui. Sema "sijui" pale usipojua, na usiione aibu, kwani Mzee Saif alisema "sijui" mbele ya watu wazima na heshima yake haikupungua hata chembe. Ila usifanye "sijui" ikawa mlango wa kumfungia mtu nje. Lipo daima jambo dogo unalolijua kwa yakini. Simama hapo, ushuhudie hilo, umpandishe mwenzako kutoka kwenye viatu.

Na akija kwako mtu kutoka mbali, hadithi yake imepinda, jina lake halikai sawa na unalolijua wewe, usimwambie mara moja amesema uongo. Huenda yeye mwenyewe usiku halali kwa hilo hilo. Mpe kahawa kwanza.

Mungu akupe umri wenye heri na akili ya kuutumia. Akupe wazee wa kukurudi na watoto wa kukuuliza, na siku utakapochanganyikiwa, asikukoseshe mtu wa kukushika mkono akakwambia, njoo juu. Awarehemu wazee wetu, wa huku na wa kule, tunaowajua na tuliowakosea majina. Amin.